UFUNDI NYUMBANI: Kompyuta Zisizosikilizana

Liko neno moja lililozoeleka mno katika nyumba za kambi na katika vituo vya polisi tangu kompyuta zilipoingia humo: "Mtandao umekufa." Neno hilo hutamkwa barua pepe inapokataa kufunguka. Hutamkwa vile vile faili iliyo katika kompyuta ya chumba cha pili isipoonekana, na pengine hutamkwa hata mashine ya kupigia chapa inapokwisha karatasi. Fundi anayeitwa kwa neno hilo peke yake ni sawa na daktari aliyeambiwa kwamba mgonjwa anaumwa, asiambiwe kama ni tumbo au ni jino.

Mama Sajini, kama anavyoitwa na majirani, ni mke wa sajini wa jeshi katika kambi moja ya mashariki mwa Uganda. Ana duka la uchapaji na fotokopi hatua chache nje ya lango. Huandika barua za maombi ya kazi, hujaza fomu za shule, na zaidi ya yote hutengeneza majalada ya wastaafu na wajane wanaofuatilia malipo yao. Jalada la mjane si jepesi. Ndani yake huwamo hati ya kifo cha marehemu, barua ya mwenyekiti wa LC I, hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, nakala ya kitambulisho cha taifa na nambari ya akaunti ya benki. Kila karatasi hupigwa picha na kuhifadhiwa katika kompyuta, maana karatasi huloa, huliwa na mchwa, na watu huombwa nakala zile zile mara tatu na mara nne.

Duka lenyewe lina kompyuta za makabila mbalimbali, na hapo ndipo utata unapoanzia. Ya kwanza ni ya mezani, inaendeshwa kwa Windows 10, nayo ni kongwe. Ya pili ni ya mkononi, mpya kiasi, ina Windows 11. Ya tatu ilikwisha kutupwa stoo kwa kuwa ilishindwa kubeba Windows za siku hizi, mpaka mpwa wa Sajini alipokuja akaiwekea Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Tangu hapo kompyuta hiyo haizimwi ila umeme ukikatika, nayo ndiyo ghala la faili zote za duka. Ya nne ni MacBook ya binti yao asomaye chuo kikuu. Huja nyumbani wakati wa likizo pamoja na mwenyewe. Mbali na hizo iko mashine kubwa ya fotokopi, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika kwingine, ambayo hapo awali ilikuwa ikipeleka picha za karatasi moja kwa moja katika ghala.

Intaneti huingia kwa ruta yenye laini ya simu. Ruta hiyo imewekwa dirishani pa nyumba, kwa sababu hapo ndipo mawimbi ya mnara yanapofika vyema. Lakini waifai yake hufika dukani kwa kubahatisha tu. Kwa hiyo Sajini alinunua ruta ya pili, akavuta waya kutoka ile ya kwanza, akaichomeka dukani. Taa ziliwaka, simu za wateja zikapata intaneti, naye akarudi kazini akiwa ameridhika.

Ijumaa moja mchana mambo yakavurugika. Kompyuta ya mkononi ilisoma barua pepe bila taabu lakini haikuliona ghala, ingawa Jumatano ililiona. Ile kongwe ya mezani ililiona ghala vizuri, lakini kila ukurasa wa intaneti iliyoufungua ulileta onyo kwamba mahali hapo si salama. MacBook ilifanya yote mawili kama kwamba hakuna lililotokea. Na fotokopi, ambayo ilikwisha kuacha kupeleka picha tangu mpwa alipoipandisha Ubuntu kwenye toleo jipya, iliendelea kukaa kimya. Palepale kwenye benchi alikuwa ameketi mjane mmoja ambaye jalada lake lilitakiwa Kampala Jumatatu asubuhi. Nusu ya kurasa zake zilikuwamo katika ghala, na barua ya kuzitangulia ilikuwa imeandikwa katika kompyuta ya mkononi.

Kijana mmoja wa mjini, anayetengeneza simu na kompyuta, aliitwa. Alitazama kwa dakika chache, akasema dawa anayo. Angeondoa ukuta wa kinga katika kompyuta zote, angeirudisha ile lugha ya zamani ya kupashana faili ili fotokopi ifufuke, na angeilazimisha kompyuta ya mkononi iingie ghalani bila neno la siri. Alitaka malipo kabla ya kazi. Alisema nusu saa ingetosha.

Mama Sajini alikuwa karibu kukubali. Aliyemzuia ni koplo wa kikosi cha mawasiliano, jirani yake, aliyeingia kutaka fotokopi ya cheti cha mtoto.

"Mama, usifungue mlango kabla hujajua ni mlango upi uliokwama," alisema.

"Afande, huyu mama hana siku za kungoja," alijibu Mama Sajini.

Koplo akaomba karatasi na kalamu. Wale waliozoea mafundi wa kubonyezabonyeza walishangaa kumwona akichora. Alichora nyumba, duka, ruta mbili, waya, na kila kompyuta mahali pake. Ndipo akaeleza jambo ambalo yafaa kila nyumba yenye kompyuta zaidi ya moja ilijue: kuona faili za jirani na kufika katika intaneti ni safari mbili mbalimbali, hata kama zinaanzia katika waya mmoja. Simu ya ndani ya kambi huita kutoka ofisini hadi langoni hata laini ya nje ikiwa imekatika. Kadhalika kompyuta mbili za nyumba moja hupashana faili bila bando na bila mnara. Kwa sababu hiyo swali la kwanza si "mtandao umekufa?" bali "ni safari ipi isiyofika?"

Baada ya hapo alikwenda hatua kwa hatua, kutoka karibu kwenda mbali, kama mtu anayekagua laini ya simu nguzo kwa nguzo. Kwanza aligusa waya, maana hitilafu nyingi huanzia katika kichwa cha waya kilicholegea au panya aliyepita chini ya meza. Waya zilikuwa nzima. Kisha akaitafuta anwani ya kila kompyuta. Katika Windows hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa ipconfig. Katika Linux huandikwa ip addr. Katika Mac anwani huonekana ndani ya mipangilio ya mtandao. Anwani ya nyumbani huwa ni tarakimu nne zilizotengwa kwa nukta, na aghalabu huanza na 192.168, kwa kuwa fungu hilo limetengwa kwa matumizi ya ndani tu na halisafiri katika intaneti.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Ikiwa anwani inayoonekana inaanza na 169.254, hakuna haja ya kutafuta zaidi katika kompyuta hiyo. Maana yake ni kwamba iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajitungia ya kwake. Dosari iko katika waya, au waifai, au ruta yenyewe. Kuizima ruta na kuiwasha tena mara nyingi hutosha.

Za Mama Sajini hazikuwa hivyo. Kompyuta ya mkononi ilikuwa 192.168.1.23. Ghala lilikuwa 192.168.0.10, na ile kongwe ya mezani 192.168.0.14. MacBook nayo ilikuwa katika 192.168.0. Koplo alizipigia mstari zile tarakimu tatu za mwanzo. Katika nyumba nyingi tarakimu hizo ndizo jina la kijiji, na ya mwisho ndiyo nambari ya nyumba. Kompyuta ya mkononi ilikuwa katika kijiji kingine kabisa!

Akaithibitisha kwa amri ya ping, ambayo ni sawa na kubisha hodi na kungoja kuitikiwa. Kutoka kompyuta ya mkononi alibisha 192.168.1.1, yaani ruta ya dirishani: ikaitika. Akabisha 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje ya nchi, ambayo mafundi wengi huitumia kwa kuwa ni rahisi kuikumbuka: ikaitika. Akabisha ghala: kimya.

Lau ruta ingeitika na 8.8.8.8 ikanyamaza, dosari ingekuwa nje ya nyumba: bando limekwisha, mnara una matatizo, au jambo kubwa zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, Uganda ikiwamo, kwa kuwa nchi isiyo na pwani hutegemea nyaya zinazotua katika pwani ya majirani. Siku kama hiyo mtu anaweza kuifungua na kuifunga ruta yake hadi usiku wa manane asipate kitu. Na lau 8.8.8.8 ingeitika lakini kurasa zikakataa kufunguka kwa majina yake, basi kilichougua kingekuwa ile daftari ya kugeuza majina kuwa nambari, iitwayo DNS, ambayo hubadilishwa katika mipangilio ya mtandao bila kugusa kitu kingine.

Kisa cha duka sasa kilikuwa wazi. Ruta ya pili, jinsi ilivyochomekwa, haikuwa kiendelezi cha ile ya kwanza. Ilikuwa imejenga ua wake wa ndani na kusimama langoni kama askari wa zamu: walio ndani ya ua hutoka wapendavyo, lakini wa nje haruhusiwi kuingia. Ghala lilikuwa ndani ya ua. Kompyuta ya mkononi ilikuwa imehifadhi majina ya waifai zote mbili. Jumatano ilishika ya dukani ikaliona ghala, na Ijumaa ilishika ya nyumbani ikabaki nje. Hitilafu za namna hii, zinazokuja na kuondoka, huwachosha watu kuliko zile za kudumu, na ndizo zinazowafanya waamini kwamba kompyuta ina mashetani.

Tiba yake haikuhitaji kununua kitu. Koplo aliuchomoa kwanza ule waya unaotoka nyumbani, kwa sababu ruta nyingi hukataa kupewa anwani ya kijiji kile kile zinachokiona upande wa nje. Akafungua ukurasa wa mipangilio wa ruta ya pili, akaizima kazi ya kugawa anwani, iliyoandikwa humo DHCP, na mwisho akaipa anwani mpya, 192.168.1.2, akiwa amehakikisha kwamba ruta ya kwanza haimgawii mtu mwingine anwani hiyo. Kisha akaurudisha waya, lakini si katika tundu la pekee lenye rangi tofauti na lenye maandishi ya WAN. Aliuchomeka katika mojawapo ya matundu ya kawaida. Tangu hapo ruta ya pili ikawa ni ya kurusha mawimbi tu, na ugawaji wa anwani ukabaki kwa mmoja. Ruta nyingine mpya zina chaguo la kufanya hayo yote kwa mara moja. Anayehamisha waya bila kuzima DHCP hujipatia balaa jingine: ruta mbili zinazogawa anwani katika kijiji kimoja, kila moja kwa hesabu zake.

Ghala lilipowashwa upya likapata anwani ya kijiji kipya, na koplo akaiagiza ruta ya kwanza ilitengee 192.168.1.10 siku zote. Hilo ni jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Bila kutengewa, ghala huweza kuamka asubuhi likiwa na nambari nyingine, na njia zote za mkato zilizoandikwa kwa nambari ya jana zikawa bure.

Sasa kompyuta ya mkononi ikaliona ghala. Mama Sajini akabofya folda. Badala ya faili akapata ujumbe kwamba taratibu za usalama zinazuia kuingia kwa mgeni asiyejitambulisha. Yule kijana wa mjini, ambaye hakuwa ameondoka, alicheka kidogo. Si ndiyo aliyoyasema?

Kwa upande mmoja alikuwa na haki. Hapa palihitaji maelezo, na maelezo yenyewe ni ya miaka mingi. Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kupashana faili huitwa SMB, na ilizaliwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980. Mtu wa Australia, Andrew Tridgell, mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliandika programu ya kuziwezesha kompyuta za namna nyingine kuisema lugha hiyo. Alipotafuta jina, alipekua orodha ya maneno yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, akaangukia Samba. (Angekuwa na kamusi ya Kiswahili mkononi, angeangukia Simba.) Samba ndiyo iliyomo katika ghala la Mama Sajini, na ndiyo inayoiwezesha Linux kusikilizana na Windows. Kampuni ya Apple nayo iliifanya SMB kuwa njia yake ya kwanza ya kupashana faili mwaka 2013. Kwa hiyo kompyuta za makabila yote matatu zina lugha moja. Zinatofautiana tu katika lahaja, na katika kiasi cha ukali wa kumhoji mgeni.

Lahaja ya kwanza, SMB1, ndiyo ya hatari. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa masahihisho ya kuziba tundu lililokuwa ndani yake. Wengi hawakuyaweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu ya uhalifu iliyoitwa WannaCry ilipenya katika tundu hilo hilo, ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote, ikazifunga faili kwa ufunguo wa siri na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia. Wagonjwa walirudishwa nyumbani. Baada ya hapo watengenezaji waliamua kuizika lahaja hiyo. Windows 10 ya mwishoni mwa 2017 haikuja nayo tena katika usakinishaji mpya, na Samba iliizima kwa kawaida kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019. Ndiyo maana fotokopi ilinyamaza mpwa alipoipandisha Ubuntu: mashine ile haijui lahaja nyingine, na ghala limekataa kuisikia.

Kuhusu mgeni asiyejitambulisha, mpwa aliiacha folda wazi kwa kila mtu ili asisumbuliwe na maneno ya siri. Windows 10 ya dukani iliingia bila ubishi. Lakini Windows 11 ya toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, kwa aina yake ya Pro, haikubali tena kuingia mahali pasipoulizwa jina, na hudai kila ujumbe wa kupashana faili utiwe sahihi ya siri. Sahihi hiyo haiwezekani pasipo neno la siri. Kwa maneno mengine, kompyuta ya mkononi haikuwa mbovu. Ilikuwa ikikataa kuamini ghala lisilo na mlango.

Koplo alimgeukia Mama Sajini, akamwuliza neno la siri la waifai ya duka limeandikwa wapi. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ukutani, ili wateja wajisomee. Akamwuliza tena ni watu wangapi wamelipata tangu mwaka uanze. Mama Sajini hakujibu. Alimtazama mjane aliyekuwa kwenye benchi, ambaye nambari yake ya akaunti na hati yake ya mahakama zilikuwa katika folda ile, pamoja na za wajane wengine waliokwisha kwenda zao. Mtu yeyote aliyeketi na simu chini ya mwembe wa pale nje angeweza kuzisoma. Angeweza pia kuzifuta.

"Basi afande, tia milango," alisema Mama Sajini. "Tutakesha."

Kijana wa mjini alilipwa nauli yake, akaenda kwa amani.

Kazi ya kutia milango ilichukua muda mfupi kuliko ilivyohofiwa. Katika Ubuntu liliundwa jina la mtumiaji wa duka, kisha likapewa neno la siri la Samba kwa amri ya sudo smbpasswd -a ikifuatiwa na jina hilo. Hapa wengi hujikwaa: neno la siri la kufungulia Linux na neno la siri la Samba ni vitu viwili, na kulibadilisha moja hakulibadilishi jingine. Ruhusa ya mgeni ikaondolewa katika folda. Katika kompyuta ya mkononi mtandao wa nyumbani ulitambulishwa kuwa wa faragha badala ya wa hadharani, ukuta wa kinga ukaachwa umesimama, na Mama Sajini akaandika jina na neno la siri mara moja tu. Folda ikafunguka. Neno la siri la waifai nalo likabadilishwa, na la ukutani likapakwa rangi. Wateja walipewa waifai yao ya wageni kutoka ruta ya dirishani na ya dukani pia, ambayo huwapa intaneti lakini haiwaonyeshi kompyuta za duka.

Hilo la mwisho halikufaulu mara ya kwanza. Waifai ya wageni ya ruta ya pili, baada ya kugeuzwa kuwa ya kurusha mawimbi, haikuwatenga wageni na kompyuta za duka. Koplo aliligundua kwa kubisha ghala kwa simu yake mwenyewe. Si kila ruta ya bei nafuu inayoweza kazi hiyo ikiwa katika hali ile. Akaizima, akabakiza ya dirishani peke yake. Wateja sasa husogea hadi karibu na nyumba ili wapate intaneti, na wanalalamika.

Jumamosi asubuhi binti alikuja na lake. MacBook, iliyokuwa haina tatizo, sasa ililiona ghala lakini ilikataliwa. Alikuwa akiandika neno la siri la Mac yake. Ghala halimjui mtu wa Mac. Linamjua yule mtumiaji wa duka tu. Katika Mac hufunguliwa Finder, huchaguliwa amri ya kuunganisha na seva, na kuandikwa smb://192.168.1.10, ndipo hutiwa jina na neno la ghala. Makosa ya namna hiyo hutokea pia Windows inapokuwa ndiyo yenye folda: watu huandika ile PIN ya tarakimu nne wanayofungulia asubuhi, nayo PIN haifanyi kazi nje ya kompyuta yake, au akaunti haina neno la siri kabisa, na Windows kwa kawaida haimruhusu mtu wa namna hiyo aingie kutoka kompyuta nyingine.

Ile kongwe ya mezani ilibaki na onyo lake. Koplo alitazama pembe ya chini ya kioo, akacheka. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ya kidonge iliyo ndani yake, ya aina ya CR2032, ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika saa ilipotea. Vyeti vinavyothibitisha usalama wa kurasa za intaneti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka mwingine huviona vyote kuwa batili. Tofauti ikiwa kubwa mno, Windows haijirekebishi yenyewe. Tarehe ikawekwa kwa mkono, kurasa zikafunguka, na betri mpya ikanunuliwa kwa muuza saa.

Fotokopi haikuponywa. Inaandika picha katika flashi, na flashi inachukuliwa kwa mkono hadi kompyuta ya mkononi, hatua tatu. Mama Sajini alipozihesabu hatua hizo aliona si haba. Kurasa zilizosalia za jalada la mjane zilipita kwa njia hiyo, ila mbili zilizopewa jina lenye alama ya kuuliza na mpwa alipokuwa akifanya kazi katika Linux yenyewe. Windows haikubali alama hiyo katika jina la faili, wala nukta pacha, wala kinyota, wala mikwaju. Faili hizo zilionekana zikiwa na majina yaliyokatwa yasiyosomeka, na ilibidi zirudishwe majina ya heshima kule kule zilikozaliwa.

Kabla ya kuondoka koplo aliuliza nakala ya pili ya ghala iko wapi. Haikuwapo. Folda inayoonekana katika kompyuta nne ni folda moja tu. Ikifutwa katika moja, imefutwa kwa wote. Diski ya nje ikaazimwa kwa binti, faili zote zikanakiliwa usiku ule, na diski ikachomolewa na kufungiwa sandukuni ndani ya nyumba, kwa sababu diski inayobaki imechomekwa huangamia pamoja na kompyuta.

Jumapili jioni, barua ya mwisho ilipokuwa ikipigwa chapa, mtoto mdogo wa Sajini alikuja mbio kutoka nyumbani akisema mtandao umekufa. Bando lilikuwa limekwisha.

"Intaneti ndiyo iliyokwisha, mwanangu," Mama Sajini alisema bila kuinua kichwa, akafungua ukurasa mwingine kutoka ghalani.

Mjane alipanda basi la alfajiri akiwa na jalada la kurasa 31 na flashi iliyofungwa katika kitambaa. Dukani limebaki suala la kompyuta kongwe ya mezani. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masahihisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ile haina nguvu za kubeba Windows 11. Sajini anasema iuzwe. Mpwa, ambaye anatazamiwa mwezi wa Desemba, ametuma salamu kwamba isiuzwe, kwani ana Ubuntu yake tayari katika flashi.